Naibu wa Spika Aliyekamatwa Bungeni: Maisha na Anguko la Jean-Marie Seroney

(Hotuba kwa waumini na watetezi wa mageuzi, mjini Garissa)



Mliponialika mliniomba nizungumze juu ya kiongozi aliyeanguka kwa sababu ya kutetea haki za baraza la wananchi. Pengine mlitarajia nimtaje mtu wa Garissa, Wajir au Mandera. Nimemchagua mtu wa milimani: marehemu Jean-Marie Seroney, wakili, Mbunge wa Tinderet katika Wilaya ya Nandi, na Naibu wa Spika wa Bunge la Kenya aliyekamatwa na polisi ndani ya majengo ya Bunge tarehe 15 Oktoba 1975. Baadhi yenu mtauliza, mtu wa Tinderet anatuhusu nini sisi tulio ng'ambo hii ya Mto Tana? Naomba mnivumilie. Nitajaribu kuonyesha kwamba njia iliyomfikisha Seroney kizuizini ilikanyagwa kwanza hapa kwenu, na walioikanyaga hawakudhani kwamba siku moja ingefika hadi kwenye kiti cha Spika.

Seroney alikuwa miongoni mwa wasomi wa kwanza wa Wanandi. Alisoma sheria ng'ambo, akarudi nyumbani akiwa wakili wakati ambapo mawakili Waafrika nchini walikuwa wakihesabika kwa vidole. Mwaka 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Katika mashindano makubwa ya siku zile baina ya KANU na KADU alisimama upande wa KADU, chama cha Ronald Ngala na Masinde Muliro, kilichodai kwamba makabila madogo yasingekuwa salama endapo mamlaka yote yangewekwa Nairobi. Dawa yao iliitwa majimbo.

Neno hilo limechafuliwa mno katika nchi yetu, na nitaueleza uchafu wake kabla sijamaliza. Lakini watu wa Garissa wana sababu ya kulikumbuka kwa namna nyingine. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuuliza wananchi wanataka nini. Tume ikakuta kwamba Wasomali, ambao ndio waliokuwa wengi, walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Mnamo Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, hakuwapa walichoomba. Aliwapa jimbo lao wenyewe ndani ya Kenya, jimbo la saba, Kaskazini Mashariki. Jina ambalo wengi wenu mmeliandika katika fomu za serikali maisha yenu yote lilizaliwa katika mpango huo wa majimbo. Wasomali walilikataa kwa kususia uchaguzi wa Mei 1963. Hivyo, Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, sauti ya jimbo hili haikuwa imekaa sawasawa katika baraza lolote la nchi mpya.

Kabla ya mwezi huo kwisha, hali ya hatari ilikwisha kutangazwa hapa.

Wazee waliomo humu hawahitaji kufundishwa na mimi. Kulikuwa na vita vya shifta, na vita hivyo viliwaua watu wa pande zote. Tarehe 28 Juni 1963, hata kabla ya Uhuru, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi karibu na Modogashe pamoja na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido. Ukipita Barabara ya Wabera mjini Nairobi, huyo ndiye mwenyewe. Sisemi kwamba serikali haikuwa na adui, alikuwapo. Ninalosema ni kwamba serikali ilijifunza hapa kutawala kwa amri badala ya sheria. Mtu angeweza kushikwa bila hati na kuzuiwa bila mashtaka. Watu na mifugo walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, ngamia wakafa wakiwa wamefungiwa, na Waborana wa Isiolo hadi leo huziita siku zile kwa neno lao wenyewe, Daaba. Kanuni za mwaka 1966 zilihusu mkoa huu na wilaya zilizopakana nao: Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Kisha mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasidaiwe mahakamani kwa yale waliyoyatenda huku kati ya mwisho wa 1963 na mwisho wa 1967. Yaani mjane wa Garissa aliyetaka kushtaki aliambiwa na Bunge lake mwenyewe kwamba mlango umefungwa.

Sasa tazameni tarehe. Mwezi Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU akaanzisha chama cha KPU. Miezi miwili baadaye Bunge lilibadilisha Katiba na kuipa nguvu mpya sheria ya kulinda usalama wa umma, ili mtu aweze kuwekwa kizuizini popote nchini bila kufikishwa mahakamani, hata pasipo vita. Silaha hiyo haikuwa ngeni. Mkoloni aliitumia wakati wa Mau Mau, na baadhi ya waliopiga kura ya kuirudisha walikuwa wamelala katika kambi zake. Lakini tangu 1963 ilikuwa imenolewa huku kwenu, na nchi ilikuwa imezoea kuisikia ikinolewa. Waheshimiwa wengi waliona jambo hilo kuwa la shifta na la watu wa Odinga. Hawakujiona wao.

Narudi kwa Seroney. KADU ilijivunja mwishoni mwa 1964, majimbo yakafutwa kwa marekebisho ya Katiba, na wenzake wengi wakapewa vyeo wakanyamaza. Yeye aliingia KANU pamoja nao lakini hakunyamaza. Na hapa lazima niseme jambo ambalo wanaompenda hawapendi lisemwe. Mwezi Julai 1969 aliongoza mkutano uliotoa Azimio la Nandi Hills. Azimio hilo lilidai kwamba ardhi yote ya Nandi, yakiwemo mashamba yaliyoachwa na wazungu, ni mali ya Wanandi, na wengine waliohamia humo hawana haki ya kukaa. Alishtakiwa kwa uchochezi na akatozwa faini. Malalamiko yake yalikuwa na msingi, kwa sababu Wanandi walinyang'anywa ardhi na mkoloni na kuona inauziwa wengine. Lakini dawa aliyoitaja ilikuwa sumu. Tarehe 29 Oktoba 1991, miaka tisa baada ya yeye kufa, mapigano ya kikabila ya Bonde la Ufa yalianzia katika shamba la Meteitei, katika tarafa ya Tinderet, nyumbani kwake hasa. Majirani walichomewa nyumba wakaambiwa warudi kwao. Wanasiasa waliokuwa wamepita wakihubiri majimbo mwezi Septemba mwaka ule hawakuwa wafuasi wa Seroney. Walikuwa wakitetea utawala wa chama kimoja ambao yeye aliupinga. Hata hivyo mbegu ile ilikuwamo udongoni, na mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono iliyoipanda. Nawaambia haya kwa kuwa sikuja kuwauzia mtakatifu.

Ukuu wake ulikuwa mahali pengine. Seroney aliijua sheria ya Bunge kama imamu anavyoijua sala, na aliamini kwamba Bunge ni chumba ambacho serikali huja kujibu maswali, si chumba ambacho serikali huja kutoa amri. Baada ya uchaguzi wa 1974 wabunge wa viti vya nyuma walimtaka awe Naibu wa Spika. Serikali haikumtaka. Bunge likaahirishwa, na mwanzoni mwa 1975 wabunge walipokutana tena wakamchagua yeye.

Ulikuwa mwaka mbaya. Mwezi Machi aliuawa Josiah Mwangi Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, na mwili wake ukakutwa katika msitu wa Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, kamati ikaandika taarifa iliyowanyoshea kidole wakubwa katika polisi na serikali, na mwezi Juni Bunge likaipokea. Masinde Muliro, John Keen na Peter Kibisu, waliokuwa serikalini lakini wakapiga kura pamoja na Bunge, walifutwa kazi. Hiyo ndiyo Kenya aliyokuwa akiiongozea mijadala Naibu wa Spika.

Tarehe 9 Oktoba 1975 Seroney alikuwa kitini. Martin Shikuku, Mbunge wa Butere, mtu ambaye hakuwahi kuazima ulimi wa mwingine, akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Wa upande wa serikali wakasimama kwa hasira, wakamtaka Shikuku athibitishe kwamba KANU imekufa. Kwa desturi za Bunge, mbunge akiambiwa athibitishe na akashindwa, hulazimishwa kuyafuta maneno yake. Wote wakamgeukia aliye kitini. Naibu wa Spika akaamua kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi kwa kila mtu.

Inasemekana watu walicheka. Hata leo, mtu aliyeona ofisi za KANU za siku zile, milango imefungwa na hakuna uchaguzi wa chama uliokuwa ukifanywa, hawezi asitabasamu. Lakini tufikirie lile alilolifanya. Hakutoa hotuba. Hakupinga serikali. Aliamua hoja ya utaratibu, kazi ambayo Bunge lilimchagua aifanye. Uamuzi wenyewe haukuwa na maneno hata ishirini.

Siku sita baadaye, tarehe 15, polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili, aliyesema na aliyeamua. Rais Kenyatta alipokutana na wabunge wa KANU aliwapa onyo kwa mfano wa kipanga aliye angani, anayengojea kifaranga kitakachojitenga na mama yake. Wakaelewa.

Sasa nisimame hapa kidogo, maana mahali hapa pana somo la sheria ambalo nadhani kila mtetezi wa mageuzi aliye katika chumba hiki anapaswa kulielewa kikamilifu. Bunge la Kenya lilikuwa na kinga, na kinga hiyo iliandikwa katika sheria. Mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa neno alilolisema Bungeni. Kama Mkuu wa Sheria angempeleka Shikuku kortini kwa kusema KANU imekufa, hakimu angeitupa kesi hiyo asubuhi ileile, naye Seroney angekuwa salama zaidi, kwani aliyekaa katika kiti hushtakiwa na nani kwa kuamua? Lakini amri ya kizuizini haishtaki. Haitaji kosa. Haimpeleki mtu mbele ya hakimu. Inasema tu kwamba usalama wa umma unahitaji fulani afungiwe. Lilikuwapo baraza la kupitia amri hizo, lakini lilikaa faraghani, na ushauri wake haukuilazimisha serikali. Kwa hiyo kinga ya Bunge haikuvunjwa, wapendwa wasikilizaji. Ilizungukwa. Ukuta ulibaki umesimama vilevile, na watu wakapitia nyuma ambako hapakuwa na ukuta.

Upande huo usiokuwa na ukuta ndio huu mliokuwa mkiishi ninyi tangu 1963.

Jambo hili si la Kenya peke yake wala si la Waafrika peke yao. Nitawasimulia kisa cha Uholanzi, kwa sababu kinafanana na chetu hadi kushangaza. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita Waholanzi waliasi utawala wa mfalme wa Uhispania, wakaunda muungano wa majimbo saba. Saba, kama sisi mwaka 1963. Nami sidai kwamba idadi hiyo ina maana yoyote, ila nimeipenda. Jimbo kubwa kupita yote liliitwa Holland, na wakili wake mkuu tangu 1586 aliitwa Johan van Oldenbarnevelt. Mtu huyu hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwanasheria mwenye kalamu. Lakini ndiye aliyeiendesha nchi kwa miaka thelathini: alisimamia fedha za vita, alichangia kuanzishwa kwa kampuni kubwa ya biashara ya Mashariki mwaka 1602, na mwaka 1609 alifanikisha mapatano ya kusimamisha vita na Wahispania kwa miaka kumi na miwili.

Jemadari alikuwa mwingine, kijana aitwaye Maurits, mwana wa Wilhelmi wa Orange aliyeuawa mwaka 1584. Oldenbarnevelt ndiye aliyempandisha kijana huyo cheo. Mwalimu na mwanafunzi walipendana mpaka vita viliposimama, kwa maana jemadari asiye na vita hana kazi. Kisha likaja gomvi la kanisa. Wachungaji wa Kiholanzi waligawanyika juu ya jinsi Mungu awachaguavyo waliookoka. Oldenbarnevelt alitaka pande zote mbili zivumiliwe na kila jimbo liamue mambo yake ya dini. Mwaka 1617 Holland iliiruhusu miji kuajiri askari wake yenyewe ili kuzuia fujo, na hilo lilikuwa kosa lake kubwa. Maurits akasema huo ni uasi. Kumbukeni, ndugu zangu wa makanisani, kwamba mimbari nyingi zilishangilia upande wa mwenye upanga. Wachungaji waliohubiri kwamba mzee yule amejiuza kwa Wahispania walikuwa watu wa sala.

Tarehe 29 Agosti 1618 Oldenbarnevelt alifika Binnenhof, majengo ya mabaraza ya nchi mjini The Hague. Ndiyo, The Hague uleule ambao Wakenya waliujua kwa majina ya utani wakati wa kesi za baada ya machafuko ya 2007. Alikamatwa humo humo, kwenye makao ya baraza alilolitumikia. Alijitetea kwamba yeye ni mtumishi wa Holland na kwamba ni mahakama ya Holland tu iwezayo kumhukumu. Naye alizungukwa: iliundwa mahakama maalumu ya waamuzi 24, baadhi yao maadui zake wa siku nyingi, na mzee akanyimwa wakili, vitabu na hati zake. Tarehe 13 Mei 1619 alikatwa kichwa katika ua wa majengo yale yale, akiwa na umri wa miaka 71. Mwenzake kijana, mwanasheria Hugo Grotius, alihukumiwa kifungo cha maisha katika ngome, ila mke wake alimtorosha mwaka 1621 akiwa ndani ya sanduku la vitabu. Akina mama wanacheka, na wana haki ya kucheka.

Seroney hakukatwa kichwa. Alikaa kizuizini miaka mitatu na ushei, bila kosa kutajwa mbele ya hakimu yeyote. Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, Rais Moi alipowafungulia wafungwa wote wa kisiasa muda mfupi baada ya kushika madaraka. Mwaka 1979 alisimama tena Tinderet, na hapa ndipo anguko lake lilipokamilika. Wananchi aliowapigania walimchagua kijana aliyekuwa na baraka za serikali mpya, Henry Kosgey. Sitawahukumu watu wa Tinderet. Walikuwa wameona mbunge wao akichukuliwa na jimbo lao likikaa bila sauti Bungeni, na barabara na shule hazijengwi na mtu aliye gerezani. Ndivyo kizuizi kilivyofanya kazi yake katika Kenya: kilimwadhibu mtu mara moja, kisha kikawafundisha wapiga kura wamwadhibu mara ya pili. Shikuku alikuwa na bahati zaidi. Butere walimrudisha Bungeni mwaka ule ule wa 1979.

Seroney alifariki Desemba 1982. Mwezi Juni wa mwaka ule Bunge lilikuwa limeingiza katika Katiba kifungu cha 2A kilichosema Kenya itakuwa na chama kimoja tu, KANU. Chama alichokitangaza mfu kutoka kwenye kiti cha Spika kilikuwa kimepewa Katiba nzima iwe sanduku lake.

Na Bunge likawa nini baada ya kuchukuliwa kwake? Ninyi watu wa Kaskazini Mashariki ndio mlioonja jibu kuliko Mkenya mwingine yeyote. Novemba 1980 mitaa ya mji huu ilichomwa. Bulla Karatasi ingali mdomoni mwa kila mzee. Februari 1984 wanaume wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakavuliwa nguo na kuwekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa hapo. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, aliyaleta mambo hayo Bungeni mwaka huo huo. Alisimama karibu peke yake. Serikali ilijibu kwamba waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikubali Bungeni kwamba walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake Mei 2013 ilikisia kwamba walikaribia 1,000, na wenyeji wa Wajir hutaja idadi kubwa zaidi ya hiyo. Mwanamke Mkatoliki wa Italia, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alikusanya majeruhi na miili iliyotupwa porini, na kwa kutonyamaza kwake alilazimika kuondoka Kenya. Aliuawa Borama mwaka 2003.

Najiuliza mara nyingi: kama mwaka 1984 kiti cha Spika kingekuwa na mtu mfano wa Seroney, na kama wabunge wasingekuwa bado wanamwona kipanga yule angani, je, jibu la 57 lingepita? Angesimama mmoja akasema, Waziri na athibitishe. Wizara ingelazimika kuleta orodha ya majina. Badala yake swali la Khalif lilijibiwa kama mtu anavyofukuza nzi. Bunge lililowaachilia Seroney na Shikuku wachukuliwe halikuwa na meno ya kuwatetea watu wa Wajir, kama vile Bunge lililowaacha watu wa Garissa watawaliwe kwa amri halikuwa na hoja ya kumtetea Seroney. Ni kamba moja yenye ncha mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nafupisha. Mambo mengi yamebadilika, na yalibadilishwa na watu wa aina yenu. Mwaka 1990 wachungaji na maaskofu walisema mimbarini yale ambayo wabunge waliogopa kuyasema, na Askofu Alexander Muge hakuumaliza mwaka ule akiwa hai. Mwaka 1991 wazee sita walitangaza FORD, na wawili kati yao, Masinde Muliro na Martin Shikuku, walikuwa wamekwisha kuonja machungu ya 1975. Wengine ni Jaramogi Odinga, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba ya mwaka huo. Kabla tu ya hapo, Novemba 1991, kilifutwa kifungu kilichoendeleza hali ya hatari katika mkoa huu, baada ya karibu miaka 28. Magazeti ya Nairobi yaliandika sana juu ya lile la kwanza. Mwaka 1997, kwa mapatano ya vyama, kizuizi bila mashtaka kikaondolewa katika sheria ya usalama wa umma, na Katiba ya 2010 ikaweka ukuta upande ule ambao haukuwa nao.

Lakini ukuta huzungukwa tena. Tangu mashambulizi ya kigaidi yalipozidi, na mji huu uliumizwa sana, kwani watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wengi wao wanafunzi, hawasahauliki, tumesikia malalamiko ya familia ambazo wana wao walichukuliwa na watu wenye silaha na hawakuonekana katika kituo chochote cha polisi wala korti yoyote. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyachunguza na kuyaandika mwaka ule ule wa 2015. Hapa hapana hata amri iliyotiwa sahihi. Seroney alau alikuwa na karatasi yenye jina lake. Na ninapowasikia Wakenya wa mikoa mingine wakisema kwamba hayo ni mambo ya huko Kaskazini, ya magaidi na Wasomali, namkumbuka yule mbunge wa mwaka 1966 aliyepiga kura ya ndiyo akaenda kunywa chai.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba anayetaka kuendelea na jambo hili atafute Hansard ya Bunge ya Oktoba 1975 aisome mwenyewe, kisha atafute ya mwaka 1984, maswali ya Ahmed Khalif na majibu aliyopewa, azisome zote mbili siku moja. Na kabla vijana hawajaanza kuuliza, nimemwona hapo nyuma mzee aliyekuwa katika kiwanja cha shule mwaka 1980. Aanze yeye.